Uso Huu Hauombi Radhi

Hotuba hii niliitoa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, baada ya sala ya Alasiri, mbele ya wazazi, walimu na vijana. Wengi walikuwa baharini, kazini au Mombasa, nao wameomba kuisoma. Naiweka yote kama nilivyoisema.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, masharifu, mama zangu na shangazi zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni kama mnaotaka kukimbia: karibuni. Huku mbele pana mikeka mitupu. Ingieni mketi.

Kabla sijasema lolote, nawaomba mnitazame. Wengine mmekuwa mkiangalia dari tangu niliposimama. Najua ni adabu, mmelelewa msimkodolee mtu macho. Leo nawapa ruhusa. Alama hii ya kuzaliwa inaanzia hapa kwenye paji la uso, inashuka juu ya kope la kushoto, inapita shavuni mpaka kwenye taya, na mdomo upande huu umejaa kuliko upande wa pili. Nilipokuwa mtoto ilikuwa ya waridi. Miaka imeikoza, sasa imekuwa rangi ya zambarau. Nitanyamaza kidogo, nanyi mtazame mpaka mtosheke.

Haya. Sasa tuzungumze.

Nimeombwa niseme juu ya uzuri wa ndani. Na mimi nataka nianze kwa kulikataa neno hilo, au tuseme, kuikataa namna tunavyoligawa. Kwa sababu kila mwenye uso kama wangu amekwisha kuambiwa. Aliyeungua ameambiwa. Aliyezaliwa na mdomo uliopasuka ameambiwa. Mwenye mabaka meupe ya barasi ameambiwa. "Usijali, wewe una uzuri wa ndani."

Nilikuwa harusini, upande wa wanawake. Udi umetanda, kila kichwa kina vikuba vya asumini, ngoma imekolea. Mama mmoja, mtu mzima, mwenye sauti ya upole, akaja akanishika kidevu. Akaugeuza uso wangu taratibu upande usio na alama, akautazama, akasema: "Masikini mwanangu. Lakini Mwenyezi Mungu kakupa uzuri wa ndani." Kisha akaniachia, akaenda zake kucheza.

Mama yule hakuwa na nia mbaya, wala sina kinyongo naye. Lakini nawauliza: aliuonaje? Hakulijua jina langu. Hajala nami, hajasafiri nami, hajanikopesha akaona kama nalipa. Ameniona uso tu. Akauona una upungufu, akanitafutia cha kuujazia.

Ndugu zangu, uzuri wa ndani haugawiwi kama sadaka ya Ijumaa. Haupewi mtu kwa pole. Mwenye kovu anaweza kuwa na roho nyeusi sawasawa na mwenye uso laini, na anaweza kuwa mchoyo, na anaweza kuwa mfitini. Sisi si mawalii kwa sababu ya nyuso zetu. Wala si majambazi, ingawa kwenye filamu mwenye kovu shavuni ndiye anayeshika kisu. Sisi ni watu. Tuna kazi ya kuitengeneza roho kama nyinyi mlivyo nayo.

Kuna mfano ambao kila mtu wa Lamu hunipa, na nyinyi mtakuwa mmekwisha kuufikiria. Huniambia: tazama nyumba zetu za mawe za Mkomani. Ukipita kichochoroni huoni ila ukuta mtupu, lakini ukiingia ndani, ukipita daka la mlangoni, ukifika ndani kabisa, unakuta zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilizochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu. Basi nawe ndivyo ulivyo! Mfano mzuri. Lakini siutaki. Siutaki kwa sababu unaniambia kwamba nje yangu ni ukuta wa kupita haraka, kwamba hapa usoni hapana kitu cha kutazama. Mimi nataka uso wangu pia. Napaka wanja macho yote mawili, hili la kulia na hili la kushoto lenye alama. Harusini mpambaji huja na poda nzito akitaka kunifunika, namwambia asante, weka wanja, weka hina, poda mpe mwingine. Uso huu nimepewa mimi, na siuombei radhi.

Sasa kwa nini nasema siuombei radhi? Kwa sababu mamangu aliuombea radhi kwa miaka.

Aliponizaa, watu walikuja kumpongeza, na walikuja na maswali. Ulijishika uso usiku wa kupatwa kwa mwezi? Ulimcheka mtu? Ulitamani kitu ukakikosa? Mwanamke yumo ndani, arubaini haijatimia, mgongo bado unamuuma, ameshasimamishwa kizimbani. Akaniambia mwenyewe, nilipokuwa mkubwa, kwamba kila nilipougua homa alikuwa akijiuliza ni lipi alilolifanya. Hebu fikirini. Miaka yote hiyo mtu anatafuta kosa ambalo halipo.

Halipo. Nataka mama yeyote aliye hapa, na baba pia, alisikie hili vizuri. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba alama kama hii yangu hutokana na badiliko dogo katika jeni moja, GNAQ. Badiliko hilo hutokea mtoto akiwa tayari tumboni, anapoumbika. Hakulirithi kwa mama, hakulirithi kwa baba. Mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hubaki imepanuka, basi damu inaonekana kwa nje. Watoto kama 3 katika kila 1000 huzaliwa nayo, duniani kote. Mikhail Gorbachev, aliyeuongoza Muungano wa Kisovieti, alikuwa nayo juu ya kichwa, na dunia nzima iliiona kila alipohutubia. Mwezi haukuhusika. Mama hakuhusika.

Na kwa kuwa tumelifikia, nisilipite bila kusema la kufaa. Mtoto akizaliwa na alama ya namna hii inayofika kwenye paji la uso au kope, apelekwe apimwe macho mapema, na aendelee kupimwa. Presha ya jicho inaweza kupanda kimyakimya mpaka ikamtia upofu. Mimi jicho langu hili hupimwa mpaka leo. Na mtoto huyo akipatwa na degedege, msianze kufukiza ubani. Hospitali kwanza. Dua mtaomba njiani.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya alama yangu, nalo ni watoto wanaofichwa.

Kuna mama alikuja na mashua kutoka kisiwa cha Pate. Amepakata mtoto, amemfunika kanga mpaka usoni, jua kali la saa saba. Nilidhani amelala. Nikamwambia, "Mwanangu, mfunue apate hewa." Akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akafunua. Mdomo wa juu wa mtoto ulikuwa umepasuka mpaka ndani ya pua. Lakini si mdomo ulionishtua. Ni mikono yake. Ilikuwa myembamba kama ya mtoto asiyekula, kwa sababu alikuwa hali. Hawezi kunyonya. Kila akijaribu, maziwa yanatokea puani, anapaliwa, analia, mama analia. Na nyumbani wamemwambia ni jini, asubiri, asimtoe nje, watu wasimwone.

Muuguzi alimkalisha, akamwonyesha. Kamua maziwa yako kwenye kikombe safi. Mwinue mtoto, kichwa juu, usimlaze. Mpe kidogokidogo kwa kijiko, mwache ameze, mpumzishe, endelea. Hakuna uchawi wala gharama. Kikombe na kijiko! Mtoto alikunywa, akalala. Yule mama akabaki anakitazama kile kikombe kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Jueni basi. Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wakati ambao wanawake wengi hata hawajajua kama wana mimba. Kaakaa hufuata wiki chache baadaye. Wakati mwingine pande mbili hazikutani. Hutokea kwa mtoto mmoja katika kila 700 hivi, Lamu, London, China, kila mahali. Na hutengenezwa. Mdomo hushonwa mtoto akifika miezi mitatu hivi, akiwa na uzito wa kutosha na damu ya kutosha. Kaakaa hushonwa kabla mtoto hajapita mwaka mmoja na nusu hivi, ili maneno yake yatoke vizuri. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hugharamia upasuaji huu katika nchi nyingi, na Kenya imo. Operation Smile walianza kuja Kenya mwaka 1987. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hakuna njia. Njia ipo. Kinachoizuia ni ile kanga juu ya uso wa mtoto.

Mtoto wa yule mama alifanyiwa. Ana kovu dogo hapa juu ya mdomo. Anasoma chuo cha Kurani, na nimemsikia kwa masikio yangu akiimba alifu, bee, tee kwa sauti ya kuwashinda wenzake wote.

Kwa walioungua nitasema kwa ufupi, maana jikoni zetu mnazijua: mkaa chini, sufuria la mafuta juu, watoto wanapita. Mtu akiungua, maji. Maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno, si ute wa yai, si unga, si asali. Maji, kisha hospitali. Na kovu likianza kuvuta shingo au kope, msiseme ndiyo majaliwa yake. Rudini hospitali. Kovu linalovuta hutibika, na likiachwa huzidi.

Sasa nirudi kwenye lile la ndani.

Nilipobaleghe, shangazi yangu alininunulia ninja, kitambaa cha kufunika uso. Alinipenda sana, mpaka leo hapana anayenipenda kama yeye. Akanivalisha mwenyewe, akanifunga kwa nyuma, akasema, "Sasa utapumzika." Na nilipumzika. Siwadanganyi. Nilipita mbele ya vijana wa barazani na hapana aliyeninong'ona. Nilikuwa msichana kama wasichana wote.

Mama zangu na dada zangu mnaovaa ninja kwa ibada, Mola awatakabalie. Siwasemi nyinyi, na mtu asitoke hapa akasema mwalimu kapinga ninja. Namsema msichana anayefunikwa ili sisi tusikereke. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na Mola anayajua yote mawili.

Kwa sababu kile kitambaa kilikuwa na kazi nyingi. Kwenye mashua ya kwenda Manda upepo ukivuma, mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya kitambaa. Nikiingia nyumba ya watu, jambo la kwanza natazama taa iko wapi, dirisha liko wapi, nikae upande gani. Ikiletwa chai nahesabu nani anatazama kabla ya kuinua kikombe. Watu wanazungumza, wanacheka, mtu anasimulia msiba wake, na mimi nusu ya maneno sijayasikia. Nilikuwa nalinda uso. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kutwa, kulinda uso.

Mnaona ninapokwenda? Aibu haikai usoni. Aibu hukaa ndani, na ikikaa ndani hula nafasi yote. Mtu anayelinda uso wake kuanzia asubuhi hadi usiku atapata wapi nafasi ya kumwona mwenzake? Huo uzuri wa ndani mnaonisifia, utakaa wapi? Chumba kimejaa!

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msuka mikeka, mtu wa Matondoni. Hakuwa na maneno mengi. Siku moja alinikuta nimejikunyata pembeni nimejifunika, na wanawake wenzake wameketi wanasuka. Akaniita, "Ndoo hapa, nitizame matoni," yaani njoo hapa, nitazame machoni. Nikamtazama. Hakusema neno juu ya uso. Akanipa miyaa, majani ya kusukia, mkononi, akanionyesha namna ya kuanza ukili, ule utepe wa mkeka: unakunja hapa, unapitisha juu, unapitisha chini, unavuta. Na kusuka ukili, anayejua anajua, kunataka mikono miwili. Ukiachia mmoja, kazi inalegea. Basi kitambaa kikaanza kuteleza. Nikakirudisha, ukili ukafumuka. Nikaanza upya. Kikateleza tena. Bibi ananitazama tu, anasuka wake. Mwishowe nikakiacha.

Hapana aliyesema kitu. Hadithi ziliendelea palepale zilipokuwa: nani kapeleka posa, samaki wamepanda bei, mtoto wa fulani ametahiriwa. Mmoja akaniambia, "Vuta, umelegeza." Basi. Nikavuta.

Na ilipokaribia Magharibi nikamwona mama mmoja, aliyekaa karibu na mlango, anasuka bila kuzungumza. Ukili wake ulikuwa umekosewa, juu mara mbili, chini mara mbili, na haoni. Mwanawe alikuwa ameondoka kwenda kuvua na hajarudi. Kila mtu pale alijua, ila mimi. Nilikuwa nimeketi na wanawake wale siku zote na sikuwahi kulijua. Nikasogea, nikakaa karibu naye, nikaufumua ule ukili wake pole pole mpaka kwenye kosa, nikaushika upande wa pili akaendelea. Hatukusema kitu.

Hiyo ndiyo siku ninayoihesabu. Wengine huniuliza, ulijikubali lini? Ulijipenda lini? Mimi sijui kujipenda kwa kusimama mbele ya kioo nikajiambia maneno matamu. Huenda kwawafaa wengine, sikatai. Mimi nilianza kuwa na kitu ndani siku niliyousahau uso wangu nikamwona mtu mwingine. Na niliusahau kwa sababu kulikuwa na wanawake sita au saba walioniachia niusahau. Hawakunihurumia. Hawakunisifu. Waliniambia nivute, nimelegeza.

Mnalisikia hilo, watu wa Lamu? Uzuri wa ndani wa mtu mwenye uso kama huu, nusu yake iko mikononi mwenu. Mkinikodolea macho, mnanirudisha kwenye ulinzi. Mkinikwepa macho, mnanirudisha kwenye ulinzi. Mkininong'ona nikipita, nimerudi. Mkinisalimu kama mnavyosalimu wengine, mkaniuliza bei ya nyanya, mkagombana nami juu ya zamu ya maji, mmeniachia nafasi.

Kuna Mwingereza mmoja ambaye maisha yake yalinifundisha hili kwa upande wa pili. Jina lake James Partridge. Mwaka 1970, akiwa na miaka 18, gari alilokuwamo lilishika moto, uso ukaungua vibaya. Alifanyiwa upasuaji mwingi kwa miaka. Alipotoka hakujificha. Alifuga ng'ombe wa maziwa kisiwani Guernsey, akafundisha shuleni, na mwaka 1992 akaanzisha shirika la kuwasaidia wenye nyuso kama zetu, akaliita Changing Faces. Alifariki mwaka 2020.

Katika yote aliyofanya, hili ndilo nilipendalo. Mwaka 2009, kwa wiki moja, alisoma taarifa ya habari ya mchana kwenye televisheni ya Channel 5 huko Uingereza. Hakuhojiwa juu ya kuungua kwake. Hakuja kulia wala kuliza watu. Alisoma habari! Bunge limesema hivi, ajali imetokea kule. Watu wamekula chakula chao cha mchana wakisikiliza habari kwa mtu mwenye uso ulioungua. Jiulizeni: kwa nini sisi tukimwona mtu wa namna yetu kwenye televisheni, siku zote ni kipindi cha huruma na namba ya kuchangia? Lini mtatuona tukisoma utabiri wa hali ya hewa?

Na hapa nyumbani je? Kijana mmoja mwenye kovu la moto, Kiingereza chake safi, Kiitaliano anajua, aliomba kazi ya mapokezi hotelini. Akaambiwa mapokezi pamejaa, lakini kuosha vyombo nafasi ipo. Kuosha vyombo ni kazi ya halali, siidharau. Lakini mbona wiki ile ile waliajiri mtu mapokezi? Kifungu cha 28 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema kila mtu ana utu wa asili na haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Hakikusema kila mtu mwenye ngozi laini. Wenye hoteli mlio hapa, nimewaona, na nashukuru mmekuja. Mfikirini kijana huyo.

Wazee wangu, tunapenda Maulidi katika mji huu. Watu huja kutoka pande zote, Msikiti wa Riadha hujaa mpaka barazani. Basi niwakumbushe kisa mnachokijua kuliko mimi, kisa cha Zahir.

Zahir alikuwa mtu wa jangwani, na sura yake haikuwa ya kusifiwa. Akija Madina humletea Mtume, sala na amani zimshukie, zawadi za jangwani, naye Mtume humpa za mjini. Walikuwa wakipendana. Siku moja Zahir yuko sokoni anauza bidhaa zake, Mtume akaja kwa nyuma akamkumbatia. Zahir hamwoni, akasema ni nani huyu, niache! Alipomtambua, akauegemeza mgongo wake kwenye kifua cha Mtume, hataki kuondoka. Mtume akanadi kwa mzaha, nani atamnunua mja huyu? Zahir akajibu kwamba basi utaniona sina thamani. Naye Mtume akamwambia, lakini kwa Mwenyezi Mungu wewe una thamani.

Wengi tukikisimulia kisa hiki tunakimbilia jibu la mwisho. Mimi hukaa pale mwanzo. Alimkumbatia. Tena sokoni, mbele ya wanunuzi na wauzaji, si chumbani kwa faragha. Tena kwa mzaha, kama rafiki anavyomfanyia rafiki. Maneno ya thamani yalikuja baada ya mkono kumfikia. Na ni nani aliyejishusha bei? Ni Zahir mwenyewe, kwa kinywa chake. Mtu akishazoea kutazamwa kwa namna moja, hujitia bei ile ile. Binti anayekataa kupigwa picha siku ya Idi, kijana asiyepeleka posa kwa sababu ameshajijibu "hapana" mwenyewe, hao wote nawajua, na wote wanasema maneno ya Zahir.

Basi nyinyi wenzangu wenye nyuso kama hizi, mlio hapa na mtakaoletewa hotuba hii, nina maneno mawili matatu kwenu peke yenu. Salimuni nyinyi kwanza. Ukiingia dukani, usimwachie muuzaji nafasi ya kushangaa. Mpe salamu, mtazame machoni, taja unachotaka. Wengi mshangao wao huisha papo hapo. Kuweni na jibu fupi mfukoni. Mimi langu ni hili: "Ni alama ya kuzaliwa, haiumi, haiambukizi. Sukari kilo shilingi ngapi?" Hamna deni la kumsimulia kila mtu maisha yenu. Na siku mkichoka, chokeni. Siku nyingine unarudi nyumbani unafunga mlango na unalia, na hilo halikupunguzii kitu.

Na tafuteni kazi ya mikono miwili. Iwe ni kusuka, kufundisha, kuunda mashua, kulea, kuhifadhi. Kazi inayokutaka wote, isiyokuachia mkono wa kushika kitambaa. Mimi nilipata darasa. Siku ya kwanza ya muhula, kila mwaka, wanafunzi wapya hunitazama wakanyamaza. Kisha mmoja, kwa kawaida mdogo kuliko wote, huinua mkono. "Mwalimu, umeungua?" Namwambia sikuungua, nimezaliwa hivi. "Inauma?" Haiumi. "Niguse?" Gusa. Huja na kidole kimoja, hugusa shavu, huwageukia wenzake na kuwatangazia, "Ni laini!" Kisha tunafungua vitabu. Mpaka wiki ya pili hukumbuka kuogopa hesabu tu.

Wazazi, msiwavute watoto mikono wanapouliza. Msiwafinye. Mkimfinya mtoto kwa sababu ameuliza, mmemfundisha kwamba uso wangu ni jambo la kufinyiwa.

Nitakuwa hapa mpaka Isha. Mwenye mtoto nyumbani ambaye watu hawajamwona, aje anong'one nami, au anipe ishara tu nami nitamfuata nje. Kesho asubuhi tutakwenda hospitali pamoja, mimi na yeye na mtoto, na mtoto hatutamfunika. Anayeona haya kuja mwenyewe amtume mtu. Muuguzi yupo pia, yule pale mwenye mtandio wa kijani, simameni naye mkitaka habari za kunyonyesha.

Sasa maswali. Watoto waanze.